Mahari ya Chupa

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepewa daftari. Mtu wa miaka sabini na tatu, aliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alichoka kabla yangu, leo nimekabidhiwa daftari la kurasa tisini na sita na kalamu mbili za bluu. Aliyenipa ni msichana wa Kitui mjini anayeitwa Mutanu. Kazi yake ni chupa.

Mambo ni hivi. Kikundi chao kimeelewana na wenye maduka wa soko letu la Tulia. Kuanzia leo ukinunua maji au soda, iwe ya chupa ya plastiki au ya mkebe, unaongeza shilingi tano juu ya bei. Chupa imebandikwa stika ya manjano. Ukishakunywa unairudisha kwenye stoo iliyo karibu na mashine ya kusaga, unarudishiwa tano zako. Ni majaribio mpaka Januari, halafu kutakuwa na mkutano wa maoni, wananchi waseme iendelee ama ife. Watu sita tumechaguliwa tuandike kila tunachosikia watu wakisema.

"Kwa nini mimi?" nikamwuliza.

"Nimeambiwa hakuna neno linalopita Tulia bila kukaa kwako kwanza, mzee."

"Likikaa kwangu linanenepa."

"Basi andika likiwa bado limekonda."

Nimempenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Maoni ya leo. Faki wa duka la rejareja: "Jambo ni zuri, lakini nani atamweleza kila mteja? Nimeeleza mpaka koo limekauka, na maji yako hapa mbele yangu, siwezi kuyanywa, yana stika." Mama wa nyanya: hao ni wezi. Wa bodaboda: hao ni wezi. Mwinjilisti wa kanisa letu: tuombe Mungu atupe hekima ya kupambanua. Nimemwandika naye upande wa wezi, ila kwa adabu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Baraza la chifu. Mutanu alieleza, akaeleza tena, na mimi kama kawaida yangu nilikuwa nyuma natafuta neno la kuchekesha badala ya kusikiliza. Nikalipata. Nikasimama.

"Chifu, na wazee, na mama zetu, mimi nimeelewa. Hii tano ni mahari. Unailipia chupa mahari, unaipeleka nyumbani, jioni unaambiwa irudishe kwao, chukua mbuzi wako. Sasa mimi nimeoa ama nimeazima?"

Watu walicheka mpaka chifu akajifunika uso kwa kofia. Mbaluka mwenye hoteli alinishika mkono kama mtu aliyeokolewa kanisani. Hata Mutanu alicheka kidogo, kisha akaacha.

Mbithe hakucheka. Ndiye aliyeajiriwa kupokea chupa pale stoo. Ni mjane, jirani yetu huku Matinyani, ng'ambo ya kijito. Miaka tisa ameokota plastiki barabarani, gunia mgongoni, akiuzia watu wa lori kwa kilo. Sasa ana kiti, kivuli na mshahara wa mwisho wa mwezi. Majaribio yakifa, anarudi kwa gunia. Nilimwona akinitazama, lakini kicheko kilikuwa kimeshanichukua, na mimi kicheko kikinichukua huwa sishuki njiani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Neno langu la mahari limenirudia kutoka Kitui mjini, mdomoni mwa mtu asiyenijua. Ameliongezea mashemeji. Nimelala nikitabasamu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kalunde, mke wangu, ameenda Wote, Makueni. Wavinya binti yetu amejifungua mtoto wa kike. Kabla ya kuondoka alinipa amri. Kuku wafungiwe saa kumi na mbili. Mbuzi wasipelekwe kwa kijito. "Na chini ya kitanda usiguse."

Chini ya kitanda kuna mbegu. Kila baada ya mavuno Kalunde anachagua ndengu na kunde zilizo safi, anazichanganya na jivu, anazijaza kwenye chupa za maji za nusu lita na kukaza kifuniko. Mdudu hapati hewa wala nafasi. Wanawake wote wa huku ndivyo wanavyoweka mbegu siku hizi. Mama zao waliweka kwenye vibuyu. Ziko chupa thelathini na nane. Zinasubiri mvua, na mbingu ni nyeupe kama bati.

Jumatano, 15 Oktoba

Muthokoi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Muthokoi tena. Mahindi yale yale, maharagwe yale yale. Kesho naona dalili za muthokoi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kurasa hizi Mutanu hatazipata. Nitazichana.

Asubuhi nilihesabu: chupa thelathini na nane mara tano, mia moja na tisini. Hiyo ni robo ya nyama na ugoro wa wiki nzima. Mbegu ni mbegu, nikajiambia, hata ndani ya gunia. Nikatoa chupa zote, nikamwaga ndengu kwenye gunia moja na kunde kwenye jingine. Jivu nalo nikalipepeta likaenda na upepo, maana nilitaka nimfanyie Kalunde usafi. Nikabeba magunia nikayaweka kwenye ghala la zamani, lile ambalo paa lake nimekuwa nikiahidi kulitengeneza tangu nilipokuwa kijana. Chupa nikazisuuza haraka, nikapanda bodaboda mpaka Tulia.

Pale stoo kulikuwa na foleni. Mbithe akachukua chupa yangu ya kwanza, akaigeuza, akachukua ya pili.

"Mzee Nthiwa, hizi hazina stika."

"Chupa ni chupa."

"Tunapokea zile zilizouzwa kuanzia tarehe sita. Ilisemwa barazani."

Mtu akasema nyuma yangu, "Siku hiyo mzee alikuwa anaozesha chupa, hangeweza kusikia." Watu wakacheka. Mimi nimezoea watu wacheke nikiwa nimewaelekea, si nikiwa nimewapa mgongo. Nikamwambia Mbithe maneno haya, nayaandika jinsi yalivyotoka:

"Miaka tisa umeokota zisizo na stika, hukuikataa hata moja. Leo umepewa kiti umesahau gunia."

Hata mashine ya kusaga niliona kama imepunguza sauti.

"Sijasahau, mzee," akasema polepole. "Zirudishe hizi nyumbani. Mama Mutisya atazitaka." Ndivyo wote wanavyomwita Kalunde, kwa jina la kifungua mimba wetu.

"Kaa nazo," nikasema, nikaziacha pale chini, nikarudi kwa miguu. Sikula nyama. Nimekula muthokoi.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani Mbithe alikaa mbele. Niliimba kwa sauti ndogo.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Wiki moja kabla ya siku zake, imeshuka mchana ikapiga mpaka jioni. Harufu ya mchanga imeingia mpaka kwenye uji. Nimesimama mlangoni bila kofia kama mtoto, nikashukuru. Kijito kimeshuka na sauti yake ile ya zamani.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua tena. Majirani wanalima kwa ng'ombe. Mungu ametukumbuka.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kalunde amepiga simu. Anarudi Alhamisi. Mtoto ana nywele nyingi. Akauliza, "Mbegu ziko sawa?"

"Ziko."

Baada ya kukata simu ndipo nikaenda ghalani. Paa nililoahidi lilikuwa limeitimiza ahadi kwa njia yake. Magunia yamelowa mpaka katikati. Ndengu zimevimba, zimetoa mikia, zimeota ndani ya gunia bila kuombwa na mtu. Kunde zimefanya ukungu na zinanuka. Nikaingiza mkono chini kabisa nikitafuta zilizopona. Nikapata kiganja kimoja.

Nilienda kuuliza bei ya mbegu za dukani, muuzaji akaitaja mara mbili kwa sababu ya kwanza sikuiamini. Nikarudi. Mvua ya huku ikishapita na shamba likiwa tupu, hurudii kupanda. Ni kukaa mpaka mwaka mwingine ukimwangalia mkeo akikopa unga. Nilikaa juu ya kinu nikitafuta neno la kuchekesha. Sikulipata.

Jumanne, 28 Oktoba

Mchana Mbithe amekuja. Amebeba chupa zangu zote kwenye gunia, mgongoni, na mimi nikaona ni kama ananionyesha gunia lenyewe. Kumbe hapana.

"Zinajaza nafasi stoo," akasema. Kisha akaona nilichokuwa nimeanika kwenye mkeka. Ndengu zenye mikia. Akainama, akachukua chache, akazivunja kwa kidole. Akaangalia shingo ya chupa moja ambapo jivu lilikuwa bado limeganda.

"Mama Mutisya anarudi lini?"

"Kesho kutwa."

Akatikisa kichwa. Akajitwika gunia la chupa upya, akaondoka nalo. Nikadhani amekuja kunicheka, akaona hali yangu haifai hata kwa hilo.

Jumatano, 29 Oktoba

Asubuhi kabla hajaenda kazini Mbithe amerudi na mkokoteni. Chupa ni zile zile za Kalunde. Ishirini na sita zimejaa: kumi na nne za ndengu, kumi na mbili za kunde, jivu ndani, vifuniko vimekazwa. Kumi na mbili ni tupu.

"Panga kama zilivyokuwa," akasema. "Ndengu ukutani, kunde mbele."

"Umejuaje alivyopanga?"

"Kunde hupandwa kwanza, mzee. Nani ataziweka nyuma?"

Nikaanza kusema kuhusu ile siku ya stoo. Nilikuwa nimeyatengeneza maneno usiku kucha. Akanyoosha mkono juu, kuelekea mawingu. "Hiyo haitungoji. Panga."

"Na wewe utapanda nini?"

"Nina nyingine."

Nikamwamini. Ilinifaa kumwamini.

Sasa niandike na hili. Chupa kumi na mbili tupu zilinisumbua, maana Kalunde anajua hesabu yake. Nikazijaza mchanga wa kijito, nikanyunyiza jivu juu, nikazipanga nyuma kabisa kwenye giza. Nilipomaliza nilirudi mlangoni nikatazama. Kazi ilikuwa safi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kalunde amefika. Amesema habari za mtoto mpaka chakula kikapoa. Ameingia chumbani, amekaa huko kitambo, ametoka. Hakusema kitu.

Jumamosi, 1 Novemba

Tumepanda kunde.

Jumatano, 5 Novemba

Tumemaliza ndengu. Jioni niliinama kuangalia chini ya kitanda. Zile kumi na mbili za nyuma hazipo. Sijaulizwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Sijaulizwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Mutanu alipita, akanikumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa maoni ya watu. Haya, maoni.

Mama wa nyanya, yule wa wezi: sasa anapita kwa soko lote jioni akiokota, na hasemi tena wezi, anasema "zile zetu." Mwingine: "Mimi chupa nzuri sirudishi, naweka maziwa. Nimeilipia, ni yangu." Nikaona ana haki. Wa bodaboda: chupa mpya ya soda haikai chini barabarani hata dakika mbili. Mbaluka wa hoteli: wateja wake wanahesabu ile tano kama bei, wanakwenda kunywea Matinyani ambako maduka hayana stika. Hilo pia ni kweli, nimeliona kwa macho yangu. Faki anasema, "Zamani soda ilikuwa ya kioo, huondoki na chupa bila kuweka pesa ama kuacha nyingine. Hakuna aliyeita wizi. Tulisimama dukani tukainywa pale pale, na maneno mengi ya maana yalisemwa tukingoja kuirudisha chupa."

Halafu watu wote, wa kupenda na wa kukataa, wanamaliza na neno lile lile: mahari ya chupa. Na wanacheka. Nimeanza kuona kwamba wakishacheka hawaendelei kufikiri. Wanadhani wameshafikiri.

Jumanne, 18 Novemba

Nimesafisha mtaro wa tuta la chini. Mwaka jana baada ya mvua kama hizi nilitoa chupa za magunia mawili, maji yalikuwa yamekosa njia yakabomoa ukuta wa tuta. Leo nimetoa kumi na moja, zote za zamani. Maji yamekaa pale nilipoyaambia yakae. Sikumwona mtu wa kumshukuru karibu, nikashukuru peke yangu kwa sauti.

Jumatano, 26 Novemba

Kalunde alikuwa anachuma majani ya kunde.

"Baba Mutisya, kunde zangu msimu huu zina majani mapana."

"Ni mvua."

"Mvua," akasema, akaendelea kuchuma.

Jumapili, 30 Novemba

Leo ameniuliza kama nakumbuka kunde zake zilitambaa ama zilisimama. Nikasema kunde ni kunde. Akasema, "Ndiyo, kama chupa ni chupa." Sijui ametoa wapi neno hilo. Sijalala vizuri.

Jumatatu, 8 Desemba

Mbuzi mmoja alivuka kijito, nikamfuata mpaka shamba la Mbithe. Nilikuwa sijafika huko tangu mvua ianze.

Matuta yake ya chini yamepandwa, ndengu zimetoa maua, palizi safi. Matuta ya juu ni matupu. Yamelimwa, mifereji ya kupandia imechorwa kwa jembe ikapangwa vizuri, na ndani yake hakuna kitu, ni magugu. Matatu mazima. Nilisimama pale nikihesabu. Chupa ishirini na sita zingetosha matuta matatu, labda na kidogo kubaki.

Mbuzi alirudi mwenyewe. Mimi nilichelewa.

Jumanne, 9 Desemba

Nilimsubiri pale stoo mpaka foleni ikaisha.

"Ulisema una nyingine."

"Nilikuwa nazo. Hukuniuliza ngapi."

"Mbithe, mtu hatoi mbegu akaacha shamba lake."

Akafunga gunia la mikebe kwa kamba kabla ya kunijibu. "Mwaka aliofariki mzee wangu, mvua ilinikuta sina hata punje. Mama Mutisya alinijazia chupa, akaja akapanda na mimi. Wewe pia ulikuja matangani, mzee. Ulichekesha watu vizuri." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo baya lake. "Na mwaka huu nina mshahara. Nilipiga hesabu: stoo ikibaki, nitanunua chakula mpaka mwaka mwingine. Nusu ya shamba inatosha mtu aliye na kazi."

"Na isipobaki?"

"Januari tutajua."

Akaniuliza kama mbuzi wangu alikula ndengu zake. Nikasema hakula. Nimerudi nyumbani. Mtu amenipa mavuno yake juu ya ahadi ya kazi, na kazi hiyo mimi ndiye ninayeiua kila mtu wa Kitui anapocheka.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimejaribu kulirudisha neno. Nimewaambia watu hotelini kwamba ile tano si mahari, ni amana tu, unaiweka unaichukua. Wakaniambia mzee, wewe ukisema mambo ya maana hupendezi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Jogoo. Sijaulizwa.

Jumapili, 4 Januari

Ndengu zinakauka vizuri. Sijawahi kuona maganda yaliyojaa hivi. Kila nikipita katikati yake najiona mgeni.

Jumatano, 14 Januari

Mkutano wa maoni. Nimechoka lakini nitaandika yote leo, kesho nitaanza kuyapamba.

Turubai lilijaa. Mutanu alisoma muhtasari wa madaftari matano. La sita ni hili. Nilimwambia mbuzi wamelitafuna, akasema atasubiri mbuzi amalize. Watu wakaanza kusema. Mama wa nyanya akasema iendelee. Mwalimu mmoja akasema iendelee ila tano iwe tatu. Mzee wa kanisa akasema watoto wanaanza kupenda pesa za chupa kuliko masomo. Faki akasema yake ya chupa za kioo, kwa Kiswahili kile chake kizuri, watu wakamsikiliza kama redio.

Kisha Mbaluka. Alisimama na tumbo lake lote. "Mimi sina maneno mengi. Mzee wetu Nthiwa alishamaliza kesi hii Oktoba. Ni mahari ya chupa. Nimeoa ama nimeazima?"

Turubai lilitikisika kwa kicheko. Nikamwona Mutanu akiandika, kichwa chini. Mbithe alikuwa upande, mikono mapajani, anaangalia mbele. Chifu akasema kama hakuna mwingine, watu wanyooshe mikono. Nikasimama.

"Chifu, neno hilo ni langu, na leo nimekuja kuliondoa."

"Toa lingine, mzee," mtu akasema, watu tayari wanacheka.

"Sina. Nitasema kitu nilichofanya."

Nikakisema. Muthokoi, chupa thelathini na nane, jivu nililopepeta ili kufanya usafi, gunia, ghala, ndengu zenye mikia. Walicheka kila hatua, na sikuwazuia, maana mtu anayecheka huwa hajaondoka. Nikasema nilivyomtukana Mbithe mbele ya foleni, na maneno yenyewe nikayarudia yote. Hapo vicheko vilipungua. Nikasema alivyokuja na mkokoteni. Nikasema matuta matatu matupu.

"Mbithe ameniletea mbegu zake akijua ana kazi hii. Mwenye kutaka kucheka mahari ya chupa acheke, lakini aende kwanza akatazame matuta yale. Mimi neno langu limekula shamba la mjane. Naomba mnisaidie kulitoa mdomoni mwenu."

Sikuwa na mwisho mzuri, nikabaki nimesimama tu. Ndipo nikasikia sauti upande wa akina mama.

"Chifu, naomba nimsaidie mzee wangu. Amesahau zile kumi na mbili."

Kalunde. Nilikuwa nimesahau kuangalia kama yupo.

"Niliacha mbegu chupa thelathini na nane. Niliporudi kutoka Wote nikakuta ishirini na sita za mbegu, na kumi na mbili za mchanga." Akangoja. Anajua kungoja kuliko mimi. "Mchanga wa kijito, na jivu juu yake, ili usiingiwe na wadudu."

Sijawahi kuwachekesha watu hivyo maisha yangu yote, na sikufungua mdomo. Mbaluka alilia machozi. Mbithe, ambaye miezi yote hii sijaona meno yake, alijifunika kwa leso mabega yakitikisika.

"Nilijua siku ile ile," Kalunde akaendelea. "Mbegu zangu nazijua kama watoto. Novemba nilikwenda kwa Mbithe kumshukuru, akanieleza. Nikasema ninyamaze nione mzee atabeba mpaka lini. Amebeba wiki kumi na moja, mgongo wake ni mzuri." Kisha akageukia meza, sauti ikabadilika. "Maoni yangu ni haya. Stoo ibaki. Chupa ninayotaka kuweka mbegu nitaiweka, tano yake nimeshalipa, sidai. Nisiyoitaka nitairudisha. Na kama watu wanakimbilia Matinyani kukwepa stika, basi maduka ya Matinyani nayo yaingie, Mbaluka apate wateja wake."

Mbaluka akasema kama ni hivyo yeye hana kesi. Mikono ikanyooshwa. Sikuhesabu, nilikuwa nimekaa nikiangalia viatu vyangu, lakini Mutanu aliandika kwa muda mrefu. Jibu tutapewa baada ya wiki mbili.

Ijumaa, 16 Januari

Kalunde hazungumzi na mimi. Anazungumza na kuku, na kuku wanaambiwa mambo mengi yanayonihusu.

Jumapili, 18 Januari

Amezungumza. Amesema, "Lete chumvi." Nimeileta nikikimbia.

Jumanne, 27 Januari

Mutanu amekuja mwenyewe kwa bodaboda. Itaendelea mpaka mvua za mwaka huu ziishe, na maduka ya Matinyani yameingia. Mbithe anabaki kazini. Nikampa daftari, kurasa zote, hata zile nilizosema nitazichana. Akaketi kwenye kinu akasoma, akacheka, akanyamaza, akanirudishia. "Hili si la ofisi, mzee. Malizia."

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara nyingi mpaka akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 31 Januari

Leo tumepiga ndengu. Mwethya umekuja, watu kumi na wawili wa kusaidiana kazi, fimbo zinapiga kwa zamu, vumbi la maganda limetufanya wote wazee. Mbithe alikuja baada ya kufunga stoo, akavua viatu, akashika ungo na kupepeta pamoja na Kalunde. Walikuwa wanasema mambo yao, wakinitazama, wakicheka. Niliwaacha. Ni haki yao mpaka nife.

Ndengu zilipokuwa safi, rundo la kijani linang'aa juu ya turubai, nikauliza tuanze kupima za nyumba ama za kuuza.

"Za Mbithe kwanza," Kalunde akasema.

Mbithe akasema atachukua zile alizotoa tu, zisizidi. Kalunde akageuka kwangu. Akanipa kasuku, ule mkebe wa mafuta tunaopimia sokoni, na kila mtu Tulia anajua kwamba mimi nikipima, kasuku inakuwa sawasawa na ukingo, hata punje moja haikai juu. Nikachota. Nikaijaza ikafanya kilima, punje zikaanza kuanguka pembeni. Nikamtazama mke wangu.

"Itikise," akasema.

Nikaitikisa. Ndengu zikashuka, nafasi ikapatikana. Nikaongeza kiganja kimoja, kikaingia, na kingine, kilima kikarudi. Watu wa mwethya walikuwa wameacha kazi wanatazama. Mbithe alifungua mdomo wa gunia lake.

"Itikise tena, Baba Mutisya."

Nikaitikisa tena.